Mguu Ukitoka Kwenye Plasta: Mwongozo Kamili wa Mazoezi ya Nyumbani

Siku plasta inapokatwa, mgonjwa huutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ngozi imekauka na kubanduka, shavu la mguu limenywea, kifundo kimekakamaa, na goti lililokuwa likikunjika bila mwenyewe kulifikiria sasa linagoma katikati. Wengi hudhani matibabu yamekwisha kwa kuwa eksirei imeonyesha mfupa umeunga. Ni kweli umeunga kiasi cha kutolewa plasta, lakini msuli usiotumika huanza kupungua ndani ya siku chache, na kiungo kilichofungwa kwa wiki 6 au zaidi hukaza, kwa hiyo mtu huyo anarudi nyumbani na mguu usioweza kupanda matatu, kuchuchumaa chooni wala kuhimili mwili akibeba ndoo ya maji.

Ninafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, mjini Kisumu, na wagonjwa wangu wengi wa miguu ni watu walioanguka na bodaboda, waendeshaji kwa abiria. Wengine hutoka Siaya, Vihiga na Homa Bay kuja kutibiwa katika Hospitali ya Jaramogi, ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na nauli ya kurudi mjini mara tatu kwa wiki haipatikani. Nimewaandikia wao: mtu mzima aliyevunjika mguu chini ya goti au kwenye kifundo, aliyetolewa plasta, na anayelazimika kufanya sehemu kubwa ya mazoezi akiwa kwake. Mtoto, aliyevunjika nyonga na aliyepooza wana utaratibu wao, na wasiufuate huu.

Mazoezi na mazoea ni maneno ya mzizi mmoja. Katika kazi yangu nimeona mara nyingi kwamba anayefanya mazoezi mepesi kila siku hadi yakawa mazoea hupona vizuri kuliko anayefanya makali Jumamosi moja, akavimba, akaacha kwa wiki mbili.

Kabla ya zoezi la kwanza

Kabla hujatoka kliniki, muulize daktari swali moja na usikubali jibu la juujuu: je, mguu huu naruhusiwa kuukanyagia, na kwa kiasi gani? Majibu ni matatu. Kuna kutokanyaga kabisa, kuna kukanyaga kwa sehemu, na kuna kukanyaga kadiri unavyoweza kuvumilia. Muundi wa mtu mzima huweza kuchukua miezi 3 hadi 6 kuunga barabara, hivyo kutolewa plasta si ruhusa ya kutembea, na aliyewekewa vyuma ndani anaweza kuwa na masharti tofauti kabisa na jirani yake wa wodini aliyevunjika mahali palepale.

Jibu likiwa ni kukanyaga kwa sehemu, daktari atataja kilo, tuseme 20. Hakuna anayezaliwa akijua kilo 20 zinavyohisika chini ya unyayo, kwa hiyo tafuta mizani. Kama nyumbani haipo, ya posho mill inafaa pia, mradi ni ya kusimamia. Simama na magongo yako, mguu mzima ukiwa sakafuni na ule mgonjwa juu ya mizani, kisha ukandamize polepole hadi mshale ufike 20. Rudia mara kumi, halafu fumba macho, kandamiza, fumbua uone umefika wapi. Watu wengi hushtuka kuona wamepita kilo 35 wakidhani wamegusa tu.

Muone pia mtaalamu wa fiziotherapia angalau mara moja ili akupime na kukuonyesha mazoezi kwa macho. Hakikisha amesajiliwa na baraza la taaluma hiyo, ambalo linasimamiwa na sheria ya mwaka 2014, kwa maana siku hizi kila anayejua kukanda mgongo hujiita daktari wa viungo. Na hapo hapo niseme neno ambalo huwaudhi baadhi ya wazee wetu: mfupa ambao bado unaunga haukandwi, hauvutwi wala haunyooshwi kwa nguvu na mtu yeyote, awe mrithi wa ujuzi wa mababu au la. Nimewapokea watu waliokwenda kukandwa katika wiki ya tano, na ikabidi waanze upya.

Dalili zifuatazo haziwekewi mazoezi. Shavu la mguu likivimba ghafla upande mmoja, likawa la moto na linauma ukiligusa, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Usilikande, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukikosa pumzi ghafla au kifua kikakuchoma unapovuta pumzi, usingoje hata saa moja. Rudi pia haraka ukiwa na homa, usaha kwenye kidonda, ganzi inayozidi, unyayo unaoshindwa kuinuka, au ngozi iliyobadilika rangi ikang'aa na kuunguza kupita kiasi hata ikiguswa na shuka.

Kipimo cha kesho asubuhi

Maumivu yatakuwepo, na kazi yako ni kuyasoma badala ya kuyaogopa. Yape alama kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna na 10 ni yale ya siku ya ajali. Wakati wa zoezi, hadi 3 au 4 inakubalika. Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni cha kesho yake asubuhi: ukiamka mguu ukiwa kama ulivyokuwa jana kabla ya mazoezi, kiasi kilikuwa sawa na unaweza kuendelea, ukiamka umevimba zaidi au unauma zaidi, punguza idadi kwa nusu siku hiyo, wala usiache kabisa. Kuvimba kidogo jioni baada ya kusimama kwaweza kuendelea kwa miezi kadhaa, na dawa yake ni kulala chali, mguu ukiwa juu ya mito hadi kisigino kipite usawa wa moyo, kwa dakika 15 au 20 hivi.

Hatua ya kwanza: mguu usiokanyaga

Mazoezi haya hufanywa ukiwa umelala au umekaa, na hayahitaji ruhusa ya kukanyaga, ingawa aliyewekewa vyuma au kuungwa kano amuulize kwanza daktari wake. Yafanye mara tatu kwa siku, kila moja mara 10, bila haraka.

Anza na kifundo. Nyoosha mguu kitandani, vuta vidole kuelekea usoni, kisha visukume mbali kama unayekanyaga breki. Mwendo huu huifanya misuli ya shavu isukume damu kurudi juu, kwa hiyo hupunguza uvimbe na hatari ya damu kuganda. Baada ya siku chache, ongeza kuandika jina lako hewani kwa kidole gumba cha mguu, herufi kubwakubwa, goti likiwa limetulia. Mwenye jina refu ana bahati.

Zoezi la pili huonekana la kipuuzi, na ndilo wagonjwa wengi hulifanya vibaya, basi nitalikalia kidogo. Viringisha leso iwe kama mkate mdogo, uiweke chini ya goti. Kandamiza leso hiyo kwa kulisukuma goti chini, kaza msuli wa mbele wa paja, hesabu hadi 5, kisha achilia kabisa. Sasa tazama pia ya goti, kile kifupa cha mviringo kilicho mbele yake: msuli ukifanya kazi, pia hiyo hupanda kidogo kuelekea pajani. Isipopanda, basi unakaza makalio au unazuia pumzi tu. Kijana mmoja wa boda kutoka Nyalenda alilifanya hivyo wiki nzima, akatokwa jasho kila asubuhi, na paja halikuongezeka nguvu hata kidogo. Nilimwambia aweke mkono mmoja juu ya paja zima na mwingine juu ya paja gonjwa, akaze yote mawili kwa pamoja, akilisikiliza lile zima linavyojikusanya chini ya kiganja. Katika jaribio la nne pia ya goti ilipanda, naye akacheka kama aliyekuta funguo mfukoni mwake.

Msuli huo ukishaitika, inua mguu mgonjwa wote ukiwa umenyooka hadi urefu wa futi moja kutoka kitandani, goti lisikunjike, hesabu 3, ushushe polepole kuliko ulivyoinua. Mguu mwingine uwe umekunjwa, unyayo ukiwa kitandani, ili kulinda mgongo.

Kisha goti. Kaa kwenye kiti, weka unyayo juu ya pakiti tupu ya unga iliyokunjuliwa, upande unaong'aa ukitazama sakafu, na uteleze mguu kuja chini ya kiti hadi uhisi kuvutwa, subiri hesabu 5, kisha uteleze kwenda mbele hadi goti linyooke. Aliyekatazwa kukanyaga afanye hivi kitandani, akitelezesha kisigino juu ya shuka. Mwisho, pitisha leso chini ya mpira wa unyayo, shika ncha zake mbili, uvute polepole goti likiwa limenyooka, ushikilie kwa sekunde 30, mara 3. Usirushe wala kutingisha, kwa kuwa kano hulegea kwa kuvutwa kwa utulivu.

Hatua ya pili: kukanyaga na kutembea

Magongo ya kuazimwa mara nyingi si ya kimo chako. Sehemu ya juu iache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono ulionyooka, ili kiwiko kikunjike kidogo unaposhika. Uzito hubebwa na viganja. Anayening'inia kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu na huweza kupata ganzi ya mikono. Kagua mpira wa chini. Ukiwa umelika hadi laini, mvua ya jioni ya Kisumu itakuangusha kwenye matope kabla ya wiki kwisha. Fundi wa akala anaweza kukukatia kipande cha tairi ukishindwa kupata mpira mpya.

Kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia, magongo na mguu mgonjwa hufuata. Kushuka, magongo na mguu mgonjwa hutangulia. Na ukifika wakati wa kubaki na gongo moja, lishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Kila mtu huanza kwa kulishika upande wa maumivu, na kila mtu hubaki akiyumba.

Ukiwa umeruhusiwa kukanyaga kikamilifu, simama mbele ya meza nzito, mikono juu yake, uhamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, polepole, mara 20. Baada ya hapo jifunze kuketi na kusimama bila kujivuta kwa mikono. Kiti cha plastiki kiegemezwe ukutani, na kama ni kifupi mno, weka mto juu yake kwa siku za mwanzo. Mara 10, pumzika, mara 10 tena. Hakikisha huuachii mguu mzima kazi yote. Muombe mtu akutazame kutoka mbele, atakuambia ukiegemea upande.

Kuchechemea ni tabia inayoshika haraka na hutoka kwa shida. Afadhali utembee dakika 5 kwa magongo, kisigino kikigusa chini kwanza na hatua zikilingana, kuliko dakika 30 bila magongo ukiyumba kama jahazi.

Hatua ya tatu: nguvu

Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyekuwa akiwatibu askari mjini Chicago, aliandika jinsi alivyorudisha nguvu za misuli yao kwa uzito ulioongezwa kidogo kidogo. Baadaye, akiwa na Arthur Watkins, alipendekeza mizunguko 3 ya mara 10, na ndipo ilipotoka hesabu ambayo fiziotherapia inaitumia hadi leo. Huhitaji mashine yake. Pakiti ya unga ina kilo 2, ya sukari kilo 1, na blada, ule mpira wa tyubu ambao watu wa boda hufungia mizigo, ni chombo cha mazoezi kinachoshinda vingi vinavyouzwa madukani.

Fanya mazoezi ya nguvu siku 3 kwa wiki, ukiacha siku moja katikati, huku yale ya kulainisha viungo yakiendelea kila siku. Simama ukishika meza, uinuke kwa vidole vya miguu yote miwili, ushuke kwa hesabu 3. Funga blada kwenye mguu wa kitanda, uipitishe kwenye unyayo, uivute kwa kifundo ndani, nje na juu. Panda na kushuka tofali au kizingiti cha sentimita 15 hivi, mguu mgonjwa ukibaki juu wakati wote na goti likielekea pale vidole vinapoelekea. Ukikaa kitini, fungia pakiti ya sukari ndani ya leso kwenye kifundo, nyoosha goti. Zoezi lolote likifika mizunguko 3 ya mara 10 kwa siku mbili mfululizo, na kipimo cha kesho asubuhi kikiwa safi, ongeza: uzito kidogo, au kimo kidogo, kimoja kwa wakati.

Mizani ya mwili ina zoezi lake, kusimama kwa mguu mmoja karibu na fremu ya mlango, ukilenga sekunde 30. Lifanye ukipiga mswaki.

Hatua ya nne: choo, kazi na barabara

Wagonjwa wangu wachache huniuliza lini watakimbia. Wengi huuliza, kwa sauti ya chini, lini wataweza kutumia choo cha shimo. Hilo ni swali la kifundo kuliko goti. Simama ukitazama ukuta, kidole gumba cha mguu kikiwa mbali kidogo na ukuta, sukuma goti mbele hadi liuguse bila kisigino kuinuka. Pima umbali huo kwa sentimita, mguu mmoja baada ya mwingine. Mguu mzima wa watu wengi hufika karibu sentimita 10. Ule mgonjwa huanza na 2 au 3, na kazi ni kuukaribia ule mzima. Kaa katika mkao huo sekunde 30, mara 3, kila siku.

Wakati kifundo kinalainika, shuka hatua kwa hatua: kwanza kwenye kiti, kisha kwenye kigoda, halafu chini kabisa ukishika kamba au nguzo imara, kisigino kikiwa juu ya ubao mwembamba ambao utaupunguza wiki baada ya wiki. Kwa sasa, kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati na kuwekwa juu ya shimo hakina aibu yoyote, ila kisiwe cha zamani kilichopasuka miguu.

Mwendesha boda asirudi barabarani kabla hajaweza kusimama kwa mguu mgonjwa sekunde 30, kukanyaga breki kwa nguvu na ghafla bila maumivu, na kuizuia pikipiki isianguke ikiinamia upande huo. Mkulima aanze kwa jembe la asubuhi fupi. Na kabla ya kukimbia au kurudi uwanjani, tembea dakika 30 bila kuchechemea, uinuke kwa vidole vya mguu mmoja mara nyingi karibu sawa na ule mzima, kisha ruka papo hapo bila kuogopa.

Namna ya kuyafanya yawe mazoea

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijaribu kuanzisha tabia moja mpya na kuiambatanisha na jambo la kila siku. Wastani wa muda ambao tabia ilianza kujiendesha yenyewe ulikuwa siku 66, kuanzia 18 kwa aliyewahi zaidi hadi makadirio ya 254 kwa aliyechelewa. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Nawapenda hao watafiti kwa hilo la mwisho, maana mgonjwa akikosa siku mbili huona aibu kurudi kliniki.

Usiseme "nitafanya asubuhi", kwa kuwa asubuhi ni ndefu na ina wageni. Fungia zoezi kwenye jambo ambalo tayari halikosekani. Mama mmoja anayekaanga samaki Dunga aliona kwamba kati ya kuwasha makaa na mafuta kuchemka alikuwa na robo saa ya kukaa tu. Pakiti yake ya unga ilikaa chini ya meza ya samaki, na kabla mafuta hayajalia alikuwa amemaliza goti na kifundo. Alipoona moto, mguu ulianza wenyewe kuteleza. Mwingine atachagua chai, swala, taarifa ya saa moja jioni. Chagua saa ambayo jua la Kisumu halijawa kali.

Jiwekee pia kiwango cha chini cha siku mbaya: kaza paja mara 10, pinda kifundo mara 10, basi. Weka alama ya mkaa au kalamu kwenye kalenda ukutani, mahali ambapo watoto wanaiona, kwani watoto hawana huruma na mtu aliyeruka siku. Kuhusu mazishi ya mashambani, ambayo kwetu huchukua siku tatu au zaidi na huvunja ratiba nyingi kuliko ugonjwa, beba leso na blada kwenye mkoba. Hakuna atakayeuliza kwa nini unanyoosha mguu ukiwa umekaa kwenye hema.

Chakula hakihitaji makala. Mfupa na msuli hujengwa kwa protini, na omena inayoliwa mzima na mifupa yake huleta protini na kalsiamu kwa pamoja; maharagwe, mayai na mala vinasaidia. Sigara huchelewesha mfupa kuunga, na hilo halina mjadala.

Ukishafikia mguu unaolingana na mwenzake, punguza mazoezi ya nguvu hadi siku 2 kwa wiki na utembee. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, na kutoka Kondele hadi katikati ya mji kwa miguu, mara kadhaa kwa wiki, huzifikisha bila kununua chochote. Magongo yakaushe, badilisha mpira uliolika, uyarudishe kwa aliyekuazima. Kuna mtu mwingine anayeyangoja.